Kabla hamjamkabidhi mtu usukani: barua ya wazi kutoka Tanga

Kwa viongozi wa vyama vya siasa vyenye usajili wa kudumu. Kwa wajumbe wa kamati kuu, halmashauri kuu na mikutano mikuu inayoteua wagombea urais. Na kwa makamishna wa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Ngamiani, Tanga mjini. Nimefundisha shule za msingi miaka 34, nimestaafu, na sasa ni mwenyekiti wa kikoba cha akina mama kumi na tisa wa mtaa wetu. Nina kadi ya chama kimojawapo kati ya vyenu. Sikitaji, kwa sababu ninayoyasema nayasema kwa wote. Nawasalimu kwa heshima zote, halafu naomba niseme lililonileta bila kuzunguka: wagombea urais mnatuletea wamepambwa, hawajapimwa. Au mmewapima wenyewe ndani ya vikao, sisi mkatutolea mapambo.

Nianze na kosa langu.

Mwaka mmoja wa uchaguzi niliitwa ofisi ya chama kumdhamini mtu aliyekuwa akitafuta kuteuliwa. Tulipangwa kwenye mabenchi chini ya mwembe, kila mmoja na kadi yake mkononi. Akapita kijana na karatasi, kalamu yake imefungwa uzi isipotee. Karatasi ilikuwa na duara la kikombe cha chai pembeni. Nikaandika jina langu, namba ya kadi, nikatia sahihi. Baadaye msafara ukaingia, vumbi likatimka, mheshimiwa akashuka, akatupungia mkono, akazungumza kama dakika kumi, akapanda gari kuelekea mkoa mwingine. Mzee aliyekaa kando yangu aliliangalia gari likikata kona, akasema taratibu ule msemo wetu wa Tanga: waja leo, waondoka leo.

Nilirudi nyumbani nimemdhamini mtu ambaye sikujua ameongoza nini, aliacha nini alikopita, wala waliofanya kazi chini yake wanamsemaje. Na kumdhamini mtu maana yake inajulikana hata sokoni: huyu akiharibu, njooni kwangu. Nililisema hilo mbele ya watu, kwa maandishi, kuhusu mtu nisiyemjua. Mpaka leo linanikaa moyoni.

Ile ilikuwa ndani ya chama. Ukija kwenye uchaguzi wenyewe, sheria inamtaka mgombea urais apate wadhamini wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, miwili kati yake ikiwa ya Zanzibar. Kwa uchache ni sahihi 2,000. Nawauliza kwa dhati, waheshimiwa: kati ya watu hao 2,000, ni wangapi wamewahi kukaa na mgombea wao chumba kimoja?

Madrasa tulisimuliwa kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab, Allah amridhie. Mtu alikuja kutoa ushahidi mbele yake, Umar akataka wa kumthibitisha. Akasimama mmoja akasema, mimi namjua, ni mtu mwema. Umar akamuuliza: wewe ni jirani yake, unayejua kuingia kwake na kutoka kwake? Akasema hapana. Umewahi kufanya naye muamala wa dinari na dirham? Hapana. Umewahi kusafiri naye? Hapana. Umar akamwambia: pengine umemwona msikitini akiinama na kuinuka. Basi humjui.

Nikilikumbuka benchi lile chini ya mwembe, najua yule aliyesimama kumsifu mwenzake ni mimi.

Someni Katiba mwone kwa nini silali. Ibara ya 39 haiombi mengi: raia wa kuzaliwa, umri wa miaka 40, mwanachama aliyependekezwa na chama, mwenye sifa za kuwa mbunge au mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, na ambaye ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi hajatiwa hatiani kwa kukwepa kodi ya Serikali. Elimu, ukiifuata hadi Ibara ya 67, ni kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Mlango huo ni mpana na mimi sitaki ufanywe mwembamba. Wazazi wetu waliona mwaka 1958 mkoloni akimchuja mpiga kura kwa kisomo na kipato ili wengi wabaki nje.

Lakini mtu akishapita mlango huo mpana, mingine inafungwa nyuma yake. Ibara ya 37 inasema Rais atakuwa huru na hatalazimika kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka atende kwa ushauri. Ibara ya 46 inamkinga na mashtaka ya jinai akiwa madarakani. Ibara ya 41 inasema Tume ikishamtangaza kuwa amechaguliwa, hakuna mahakama itakayouchunguza uchaguzi wake. Na huyo ndiye anayeteua mawaziri, majaji, wakuu wa mikoa na wa wilaya, na mkuu wa jeshi la polisi. Mtu ambaye sheria haimlazimishi kusikiliza atasikiliza tu kama ndivyo alivyozoea kuishi tangu hajawa mkubwa. Tabia yake ndiyo iliyobaki kati yake na sisi.

Wala hakuna njia ya kuwazunguka ninyi. Mgombea binafsi hatumruhusu. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapo Arusha, ikaamua Juni 2013 kwamba katazo hilo linavunja Mkataba wa Afrika. Katazo bado lipo. Kwa hiyo funguo ziko mikononi mwenu, na anayeshika ufunguo peke yake huulizwa peke yake.

Sasa niruhusuni niwapeleke Pangani.

Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi lililopakia nazi na boriti, Pangani hadi Tanga, na msimu ukiruhusu hadi Wete, Pemba. Chombo hakikuwa chake, kilikuwa cha tajiri mmoja pale mjini. Nilikuwa na miaka kama tisa tajiri huyo aliponunua jahazi la pili na kutafuta wa kumkabidhi. Kulikuwa na kijana hodari anayetajwa na kila mtu. Mwepesi wa tanga, haogopi usiku, anaijua bahari kama kiganja cha mkono wake. Yeye mwenyewe alijisema, na watu walimsema.

Tajiri hakumwita kijana. Alikuja jioni barazani kwetu, akakaa mkekani, mama akatoa kahawa, na akawaita mabaharia wawili waliowahi kusafiri naye. Nilikuwa napokea vikombe, ndiyo maana niliyasikia. Akauliza: maji ya kunywa yakipungua chomboni, nani anakunywa mwanzo? Baharia akikosea kamba, humwita pembeni au humtukana mbele ya abiria? Wakajibu, majibu yakawa mazuri kiasi. Kisha akauliza la mwisho. Amewahi kurudi?

Mabaharia wakacheka kwa fahari. Kurudi? Huyu hajapata kurudi hata siku moja. Upepo wowote anakwenda.

Tajiri alinyamaza. Aligeuza kikombe, akamwaga masimbi ya kahawa pembeni ya mkeka. Mimi sikuelewa, nilidhani jibu lile lilikuwa sifa. Baba alinieleza baada ya wageni kuondoka. Anayelijua lango la mto Pangani wakati wa kusi anajua kwamba maji ya mto yanashuka, mawimbi ya bahari yanapanda, na katikati pana fungu la mchanga lisilokaa mahali pamoja. Ukifika maji yamekupwa, unangoja nje, hata kama taa ya nyumbani kwako unaiona. Baba mwenyewe aliwahi kufika pale na shehena kamili ya nazi, akageuza, akalala Kigombe siku mbili. Soko likampita tajiri, tajiri akapata hasara na akakasirika. Baba alikwenda nyumbani kwake mwenyewe, kabla hajaitwa, akamwambia: nimerudisha chombo chako na watu wako, hasara ni juu yangu kuieleza. Tangu siku ile, baba aliniambia, tajiri hakumuuliza tena habari ya njia.

Kijana hakupewa jahazi. Alipewa userahangi chini ya baba, misimu miwili, akaona jinsi chombo kinavyogeuzwa. Mwaka wa tatu akapewa.

Hilo ndilo ninalowaomba mlitafute kwa kila anayetaka urais, na mkishalipata mtuonyeshe na sisi. Amewahi kurudi? Mambo yalipoharibika mikononi mwake, alikwenda mwenyewe kueleza, au alitafuta wa kumbebesha?

Na historia yetu inao mfano. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani miaka ya 1970, wakati wa msako wa wauaji wa vikongwe huko Shinyanga na Mwanza. Watuhumiwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na wapo waliokufa. Mzee Mwinyi hakumgusa mtu kwa mkono wake. Waliofanya walikuwa chini ya wizara yake, basi mwaka 1977 alijiuzulu. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Uongozi wake ulikuwa na kasoro, na Mwalimu Nyerere alizisema hadharani mwaka 1995. Lakini aliyemteua mwaka 1985 hakuwa anabahatisha juu ya jambo moja: cheo kilipogongana na dhamana, mtu huyu alikuwa ameshaonekana anachagua nini.

Mwalimu naye, Uhuru ulipatikana Desemba 9, 1961, na Januari 1962 akauacha uwaziri mkuu, Rashidi Kawawa akaushika, yeye akarudi kukijenga chama vijijini. Ulikuwa mwezi mmoja na siku kadhaa tu tangu bendera ipande. Aliyewahi kuweka madaraka mezani akaondoka kwa miguu yake huna haja ya kuotea kama ataweza.

Wagombea wenu wa leo wamewahi kuweka nini mezani? Sioni mahali mnapotuandikia.

Mnachotuandikia ni orodha ya vyeo. Amekuwa mkuu wa wilaya, naibu waziri, waziri, mwenyekiti wa kamati. Cheo kinaniambia mtu alikaa wapi. Nataka kujua alikuta nini na aliacha nini. Na hili halihitaji upelelezi, maana kila mwaka Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali anatoa ripoti, inakwenda kwa Rais, inafika bungeni, inachapishwa. Mtu aliyekuwa waziri miaka kumi ana ripoti kumi nyuma yake. Hoja zilizojirudia wizarani kwake miaka mitatu mfululizo bila kufungwa ni zipi? Zilizofungwa ni zipi? Kurasa mbili za Kiswahili cha kawaida zinatosha, na zibandikwe kila ofisi ya kata. Mgombea ambaye hakuwahi kuwa serikalini naye ameongoza kitu, hata kama ni chama cha ushirika, shule, kiwanda au kanisa. Huko nako kuna hesabu na kuna watu.

Sisi watu wa Tanga hatuwezi kuudharau uzoefu, tumelipia ukosefu wake. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha mkonge zaidi ya tani 200,000, na Tanga ndiyo ilikuwa moyo wake. Kufika miaka ya 1990 tulikuwa chini ya tani 40,000. Nailoni ilishusha bei duniani, hilo ni kweli. Lakini waliokabidhiwa mashamba mengi baada ya 1967 hawakuujua mkonge, na waliokuwa wanaujua hawakusikilizwa. Babu wa mama wengi wa kikoba chetu walikuwa manamba, vibarua wa mkataba mashambani. Wajukuu wao walikuta reli ndogo za mashambani zimeota majani. Leo bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, upande wa pili wa ghuba yetu, na atakayeamua yatakayofuata pale ni mtu mtakayempitisha ninyi.

Kuhusu walio chini yake nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu naona ndipo mnapopaacha kabisa. Mnawahoji wakubwa wenzake. Wakubwa wenzake wanamjua akiwa amevaa suti. Muulizeni dereva wake aliyemwendesha saa nane za usiku. Muulizeni katibu muhtasi wake, mhudumu anayemletea chai, mwanasheria wa wizara aliyewahi kumwandikia kwamba jambo hili haliwezekani kisheria. Huyo wa mwisho alipelekwa wapi baada ya kuandika? Waziri ambaye kila aliyempa ushauri mchungu alihamishwa, mkimpa Ibara ya 37 mkononi, mnajua atakavyoitumia.

Hayati Dk. John Magufuli alikuwa serikalini miaka 20 kabla ya 2015, mingi kati yake akiwa Wizara ya Ujenzi. Simsemi marehemu kwa ubaya, namtaja kwa sababu rekodi yake ilikuwa wazi kuliko za wengi. Tulijua anataja urefu wa barabara kwa kichwa, anamfuata mkandarasi hadi kwenye kifusi, na alama ya X nyekundu ikishapigwa kwenye ukuta ulio ndani ya hifadhi ya barabara, mwenye nyumba afadhali atafute pa kwenda. Akiwa Rais alikuwa mtu yuleyule, mkono wake ukiwa mrefu zaidi. Waliomshangilia na walioumia wote wangeweza kuyaona hayo mapema. Swali ambalo mimi sikulisikia likiulizwa mwaka 2015 ni hili: akipingwa na mtu mwenye hoja, hufanya nini? Jibu lilikuwepo, kwa watu waliofanya naye kazi. Hakuna aliyetuitia.

Na mwenzake? Machi 17, 2021 Magufuli alifariki, na Machi 19 Mama Samia Suluhu Hassan akaapishwa, kama Katiba inavyotaka. Siku mbili tu. Kati yetu sisi wapiga kura wa 2015 na wa 2020, nani alikaa akampima mgombea mwenza? Jina lake lilikuwa kwenye karatasi na picha yake kwenye bango, nasi tulimpitisha kama mtu aliyekuja na harusi. Sisemi haya kumshusha. Nasema nchi ilipata Rais ambaye wengi wetu hatukuwahi kumuuliza swali. Kwa hiyo mkitekeleza lolote katika ninayoyaomba, litekelezeni kwa wawili.

Nirudi mtaani kwangu kidogo. Sanduku la kikoba chetu lina kufuli tatu, na funguo zake zinakaa kwa akina mama watatu wasiokaa nyumba moja. Akiba yote haifiki milioni saba. Mwaka jana tulitafuta mweka hazina na tukatumia vikao vitatu. Majina yalikuwa mawili. Mmoja ana cheti cha uhasibu, ulimi wake mtamu, na mavazi yake ya kupendeza. Wa pili anakaanga samaki, alfajiri yuko soko la Deep Sea, mchana yuko kwenye karai. Tulifungua daftari la mikopo. Yule wa kwanza amerejesha yote, lakini mara mbili tulimfuata nyumbani. Wa pili alichelewa mara moja. Mumewe alilazwa mwezi ule, na siku nne kabla ya tarehe alikuja mwenyewe na shilingi elfu kumi na tano zenye harufu ya samaki, akaziweka mkekani, akasema, jamani hii ndiyo niliyonayo, nyingine sina, niambieni nifanyeje. Tulimchagua yeye, na hatukugombana.

Kwa milioni saba tulifungua daftari. Kwa nchi nzima mnatupa wimbo na fulana.

Mali nitalipita haraka kwa kuwa mnalijua. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha. Tuliliacha. Ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, na sasa viongozi wanajaza tamko la mali na madeni kwa Sekretarieti ya Maadili. Fomu zile mwananchi wa kawaida hazioni. Kwa mgombea urais na mgombea mwenza naomba zitolewe hadharani kabla ya kampeni, na msisitizo uwe kwenye madeni. Anayemdai mgombea, wa pesa au wa fadhila, ndiye atakayepiga hodi ya kwanza Ikulu.

Muda nao ni tatizo mnaloweza kulitatua ninyi wenyewe. Mwaka 2015 CCM ilipata mgombea wake Dodoma Julai 12. Kura zilipigwa Oktoba 25. Siku 105. Upande wa pili mgombea mkuu wa upinzani alihama chama mwisho wa Julai, basi yeye tulikuwa na siku chache zaidi za kumtazama katika nafasi ile mpya. Ndani ya CCM majina yalishuka kutoka karibu arobaini hadi matano, matano hadi matatu, matatu hadi moja, kwa siku chache sana, na sisi tuliokuwa nje tuliona majina yakipungua tu. Kwa nini huyu alibaki, kwa nini yule aliondoka? Kama kulikuwa na sababu nzuri, na naamini kwa baadhi zilikuwepo, tungejifunza kitu kwa kuelezwa. Mtu hana aibu kuambiwa hadharani kwamba ni hodari lakini bado misimu miwili.

Tume, sasa nawageukia ninyi. Nimekwenda mikutano ya kampeni viwanja vya Tangamano tangu uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi, mwaka 1995. Nimesimama juani na nimesimama mvuani. Sijawahi kumwona mgombea urais akiulizwa swali na mwananchi akalijibu. Muziki unapigwa, msanii anapanda, mgombea anahutubia, anaahidi bandari na maji, anaondoka. Jirani zetu Kenya, ambao kutoka hapa ni mwendo wa asubuhi moja kupita Horohoro, waliwapandisha wagombea wao jukwaa moja Februari 2013, wakaulizwa mbele ya nchi nzima. Mdahalo haumalizi kila kitu, kuna mtu anasema vizuri na kutenda vibaya. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo, wazee walishalisema. Lakini mdahalo unaonyesha jambo ambalo hotuba inalificha: mtu akikosolewa uso kwa uso, uso wake unakuwaje. Wekeni kwenye kanuni zenu kwamba anayetaka urais, na anayetaka kuwa makamu wake, ataketi kuulizwa, na swali lisipite kwanza mikononi mwa timu yake.

Na kupima kunahitaji wa kulinganisha naye. Oktoba 29, 2025 tulipewa karatasi ya kura ya urais wa Muungano ambayo Chadema na ACT-Wazalendo hawakuwemo. Kilichofuata mnakijua. Intaneti ilizimwa, na wapo majumbani waliozika. Mimi sina maneno ya kutosha kuyaandika hayo katika barua hii, na waliofiwa wana haki ya kuyasema kabla yangu. Nasema tu kwamba tajiri wa Pangani alikuwa na majina mawili mbele yake, na akina mama wa kikoba walikuwa na majina mawili. Mkituletea jina ambalo halikusimama na mwenzake, hata likiwa jina jema, mmetunyima njia ya kujua kwamba ni jema, na mmemnyima mwenye jina hilo heshima ya kuchaguliwa.

Ninayoyaomba hayangoji Katiba mpya, ingawa naitaka. Chama kinaweza kuyaandika kwenye kanuni zake za uteuzi mwaka huu, Tume inaweza kuyaandika kwenye maadili ya uchaguzi ujao. Mchakato wa 2030 kwa kweli utaanza kimyakimya mapema zaidi, ninyi mnajua kuliko mimi. Watu wameshaanza kutajwa kwenye vijiwe vya kahawa.

Fomu ya kudhamini ikiletwa tena mtaani kwetu, mimi na wenzangu kumi na wanane tumekubaliana tutaipokea, tutaisoma, na tutamwambia aliyeileta atuitie mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi chini ya mgombea huyo, aje akae nasi. Tunakutana Jumamosi baada ya alasiri, mkekani, na kahawa ipo. Tutamuuliza habari za maji ya kunywa na za kamba. Halafu tutamuuliza kama bosi wake amewahi kurudi.

Wenu,

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga